Wafadhili wasituhame: maswali ambayo vikundi vya Lamu huyauliza mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye baraza la ofisi yetu mjini Lamu, ambako wenzetu wa vikundi vya Faza, Mokowe, Shela na Matondoni hupumzika wakingoja boti. Sisi wenyewe ni kikundi kidogo: tunalipia watoto karo na tuna mashua moja. Wafadhili tumewapata, tumewapoteza, na wachache tumewarudisha. Anayejibu ni mweka hazina, kwa hivyo usishangae majibu yakielemea upande wa daftari na risiti.

## Mambo ya mwanzo

1. Mfadhili ni nani hasa? Sisi hatumjui mzungu hata mmoja.

Mfadhili ni yeyote anayetoa chake ili kazi yenu iendelee. Mwenye duka wa Langoni anayetoa shilingi 500 kila mwisho wa mwezi ni mfadhili. Kijana wa Siyu aliyeko kazini Doha na kukumbuka shule aliyosoma ni mfadhili. Fundi wa Matondoni asiyetoa hata senti lakini huikalafati mashua yenu bure kila mwaka ni mfadhili pia, na jina lake liingie daftarini pamoja na thamani ya kazi yake.

Vikundi vingi vimekufa vikingoja ufadhili ushuke na ndege ya Manda. Ni kweli wageni wenye nyumba Shela wametoa mengi, na wenzetu wa Malindi watakwambia hivyohivyo kuhusu Waitaliano wao. Lakini mgeni akiuza nyumba ndiyo basi, na mtu wa Langoni utamkuta palepale. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika daftari letu, aliyetoa shilingi 500 kwa miezi 40 bila kukosa yuko ukurasa wa kwanza. Aliyetoa laki mbili mara moja, tusisikie tena habari zake, yuko nyuma yake.

2. Kwa nini tuhangaike na waliokwisha kutoa? Si bora kutafuta wapya?

Piga hesabu. Mna wafadhili 100, na kila mwaka nusu yao wanaacha. Mwaka wa kwanza mnabaki na 50, wa pili 25, wa tatu 12 au 13. Jirani yenu naye ana 100, ila yeye hupoteza mmoja tu katika kila watano: anabaki na 80, kisha 64, kisha 51. Hakuna kati yenu aliyepata mtu mpya, na bado baada ya miaka mitatu jirani ana wafadhili mara nne ya wenu.

Kazi ngumu ni kupata mchango wa pili. Ule wa kwanza mtu huutoa kwa huruma, au kwa kuombwa na rafiki, au kwa raha ya likizo. Kabla ya wa pili ameshakaa akajiuliza: wale watu wa Lamu walinifanyia nini na pesa yangu? Kama jibu hana, hatoi. Karibu kila jibu lililo chini linarudi kwenye swali hilo lake.

3. Tuwe na nini mkononi kabla ya kumwendea mfadhili?

Usajili, akaunti ya benki, na hesabu za mwaka uliopita hata kama ni ukurasa mmoja. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa zaidi yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Hiyo ilipitishwa 2013, ikalala zaidi ya miaka kumi, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 mahali pa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Mfadhili makini atauliza mko upande upi, na cheti atataka kukiona.

Watia saini wa akaunti wawe watatu, na wasiwe wa nyumba moja. Mfadhili akiona majina matatu yenye babu mmoja hatasema neno, ila atakuwa ameshaona.

4. Nani aifanye kazi hii?

Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina. Ikiwa ni kazi ya kamati nzima, basi haina mwenyewe. Mara nyingi anayefaa siye mwenyekiti. Ni yule anayekumbuka mtoto wa nani anaumwa na nani karudi safari.

## Shukrani na habari

5. Ujumbe wa M-Pesa hautoshi? Si unamfikia papo hapo?

Ule ujumbe unamwambia pesa imetoka mfukoni mwake, na umeandikwa na mashine. Hajui nani kaipokea wala kama kuna aliyeiona. Shukrani yenu imfikie ndani ya siku mbili. Kama ni mara yake ya kwanza, au kama kiasi ni kikubwa kwa mtu wa kipato chake, mpigieni simu. Stakabadhi yenye namba na mhuri ifuate hata kama hakuiomba. Siku mkaguzi wa hesabu atakapokuja mtashukuru wenyewe.

6. Barua ya shukrani iandikwe vipi?

Iwe fupi, iandikiwe mtu mmoja, iwe na kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kukiona kwa macho. Hii ni moja tuliyomwandikia mama wa Mombasa, majina tumeyatoa:

*Assalaam aleikum Bi. Shilingi 6,000 ulizotuma Jumatatu zimefika. Jumatano tulikwenda nazo dukani tukanunua sare na jozi moja ya viatu. Binti alivivaa viatu palepale akakataa kuvivua, akarudi navyo kwao kwa boti ya saa nane, miguu ameinyanyua visiguse maji. Mama yake anakusalimu. Leo hatuna ombi.*

Basi. Yule mama alitwambia alimsomea mumewe mara mbili, hasa pale pa miguu. Sentensi ya mwisho, “leo hatuna ombi”, ilibishaniwa sana kwenye kamati. Wengine waliona ni kujinyima. Mimi naiona ndiyo iliyoibeba barua nzima, kwa sababu mtu aliyezoea kuombwa husoma kila barua akitafuta ombi limejificha wapi. Shukrani yenye namba ya akaunti chini yake husomeka kama dai.

Epukeni maneno ya kipaza sauti: “Kwa niaba ya kamati kuu, wadau wote na jamii kwa jumla, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu…” Hapo msomaji ameshaweka simu chini.

7. Tuwaandikie mara ngapi kwa mwaka?

Sisi tumejiwekea hivi: kwa kila ombi moja, habari tatu zisizo na ombi. Si sheria ya mahali popote, ni mazoea yetu tu, na yametusaidia.

Nyakati zinajipanga zenyewe. Januari shule zinafunguliwa, na hapo habari ni nyingi. Kisha masika na kusi, bahari chafu na hoteli nyingi za Shela zimefunga. Wageni wako kwao na habari ya Lamu wanaisoma kwa hamu kuliko wakati wowote. Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, kuna Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ambapo watu wa Lamu waliotawanyika pwani nzima na ng'ambo hurudi. Msiwape barua. Wakaribisheni barazani, kahawa tungu na halua, na daftari la hesabu likae mezani wazi kwa atakayetaka kulifungua. Wengi hawalifungui, na bado wanaondoka wakijua lilikuwapo.

Ramadhani ina shida yake. Kila kikundi, kila madrasa na kila msikiti unaomba mwezi huohuo. Kama mara ya mwisho mfadhili kusikia sauti yenu ilikuwa Ramadhani iliyopita, atawaweka kwenye fungu la waombaji wa msimu. Na kumbukeni kalenda ya Kiislamu hutangulia ya kawaida kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo mpango wa mwaka jana msiunakili tarehe kwa tarehe.

8. WhatsApp, barua pepe, au tumfuate kwake?

Mwulizeni, kisha mfuate alivyosema. Mtu mzima wa hapa mjini humwendei kwa simu: nenda barazani kwake baada ya Alasiri, uliza hali, kunywa kahawa, na habari ya mradi iingie katikati ya mazungumzo mengine. Walioko Ghuba hupenda ujumbe wa sauti. Kuna mzee wetu aliyeko Jeddah ambaye tulimtumia wa dakika moja kutoka gatini, punda akalia katikati, tukaomba radhi. Akajibu kwamba ameurudia mara nne kwa ajili ya yule punda.

Wageni wengi huzoea barua pepe. Ukitaka kumpigia Mwitaliano simu, yeye yuko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Na usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yake. Atatoka kimyakimya, na pengine atatoka kwenye mengine pia.

9. Daftari la wafadhili liandikwe nini ndani?

Jina analopenda kuitwa, njia ya kumpata, alianzaje kuwajua, alitoa nini na lini, kwa kusudi gani, ameshukuriwa tarehe gani na nani. Ongezeni mstari wa mambo aliyoyasema mwenyewe: kwamba alisoma kwa kufadhiliwa, kwamba hapendi jina lake litajwe, kwamba mkewe anaumwa. Jedwali la Excel linafaa; daftari la karatasi nalo linafaa likifungiwa kabatini.

Hizi ni habari za watu, na Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa lugha ya kawaida: kusanyeni mnachohitaji tu, mtumie kwa kazi mliyomwambia mwenyewe, msiwape wengine, na akitaka afutwe mfuteni. Kikundi jirani kikiomba “orodha yenu ya wafadhili”, jibu ni hapana, hata kama mwenyekiti wao ni shemeji yako.

Daftari lisilotunzwa hudhuru kuliko lisilokuwapo. Tuliwahi kumtakia heri ya Idi mzee aliyefariki miezi miwili kabla yake. Aliyeusoma ujumbe ni binti yake. (Kuhusu msiba, tazama swali la 21.)

10. Tumwiteje kwenye barua?

Kama anavyoitwa mtaani kwake: Sharifu, Mwalimu, Bi, Mzee, Ustadhi. “Ndugu Mfadhili” ni kumwita mtu kwa jina la mfuko wake.

## Pesa na masharti yake

11. Tunapata M-Pesa za watu tusiowajua. Tuwashukuruje?

Ukitumia paybill, ile namba ya kikundi ya kupokelea M-Pesa, taarifa ya malipo haikuonyeshi namba yote ya aliyetuma, sehemu yake imefichwa. Dawa ni kuwaomba watu waandike jina na kusudi pale penye nafasi ya namba ya akaunti, mfano “Omar karo” au “Zuhura mashua”. Waliobaki bila jina, tunabandika mwezi kwa mwezi ubaoni nje ya ofisi tarehe na kiasi kilichopokelewa, bila majina. Mara mbili mtu amepita, akaweka kidole kwenye mstari wake, akasema “huyu ni mimi”. Wote wawili sasa wako daftarini.

Mchango mkubwa uelekezwe benki tangu mwanzo. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na hakuna aibu kama ya kumwambia mtu mkarimu akate sadaka yake vipande.

12. Zaka, sadaka na wakfu: tunaweza kuziweka chungu kimoja?

Hapana. Kwa hapa kwetu, hakuna kosa linalovunja uaminifu haraka kuliko hili.

Zaka ina wenyewe. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imewataja mafungu manane, na mtoaji anataka kujua yake imewafikia hao. Karo ya mtoto wa maskini ina nafasi yake. Dizeli ya mashua na kodi ya ofisi ni jambo la kuwauliza masheikh kwanza, tena kabla ya kutumia. Sadaka ya kawaida ina upana zaidi. Wakfu ni habari nyingine kabisa: mali yenyewe haiuzwi wala haigawiwi, yanayotumika ni manufaa yake. Mtu akisema barazani “nyumba yangu hii nimewawekea wakfu”, mshukuruni, kisha mfuate mambo kwa Kadhi na kwa Tume ya Wakfu Mombasa kabla ya kupaka hata rangi. Tumeona warithi wakigombana na kikundi juu ya nyumba ambayo maneno yake yalibaki barazani.

Tuliteleza mwaka mmoja. Shilingi 18,000 za zaka ziliingia kwenye mafuta ya boti kwa sababu siku hiyo ndizo zilizokuwapo. Hakuna aliyeiba. Lakini mwenye zaka alipouliza, hatukuwa na jibu la kumtazama usoni. Kamati ilizirudisha kutoka mifukoni mwao, karo ikalipwa, na mwenyewe akaonyeshwa stakabadhi ya shule. Tangu hapo kila mwenye kutoa tunamwuliza palepale: “Hii ni zaka au sadaka?” Wengine hutabasamu wakisikia tunauliza.

13. Mfadhili anataka kila senti iende kwa watoto, mishahara hataki kuisikia.

Mwandikieni gharama ya kumsomesha mtoto mmoja wa Pate tangu nyumbani hadi darasani: karo, sare, vitabu, nauli ya boti, na siku za anayekwenda shuleni kuuliza kama mtoto yupo kweli. Huyo wa mwisho asipolipwa, karo hulipwa kwa kiti kitupu. Wafadhili wengi wakiiona kwa mtoto mmoja huelewa. Anayeendelea kukataa, mpeni kitu kinachoanza na kwisha, kama madawati, na gharama za uendeshaji mtafute kwa mwingine. Kumdanganya kwa kuzificha chini ya “vifaa” ni kumpoteza, ila kwa kuchelewa.

14. Wa ng'ambo anauliza kama atapata nafuu ya kodi kwao. Tumjibu nini?

Mjibuni ukweli: kwa kutoa moja kwa moja kwa kikundi cha Lamu, kwa kawaida hapati. Uingereza kuna Gift Aid, ambapo shirika la hisani hudai serikalini peni 25 za ziada kwa kila pauni 1 ya mlipa kodi wa huko, lakini shirika lenyewe liwe linatambuliwa na mamlaka ya kodi ya huko. Italia mlipa kodi anaweza kuelekeza sehemu 5 kati ya kila 1,000 za kodi yake ya mapato kwa shirika lililo kwenye orodha ya kwao, na yeye haongezi chochote. Wenzetu wa Malindi walio na chama ndugu Italia wanaijua vizuri njia hii. Marekani nako mchango uende kwa shirika linalotambuliwa na idara yao ya kodi, nalo liwapitishie nyinyi.

Kwa hivyo njia ni kupata shirika la huko litakalokubali kupokea kwa niaba yenu. Hukata asilimia yake, huomba ripoti, na huchagua sana. Kwa mfadhili mmoja haifai. Wakifika kumi, anzeni kuulizia.

15. Mchango mdogo wa kila mwezi au mkubwa wa mara moja?

Wa kila mwezi. Karo haingoji msimu. Tangu 2024 M-Pesa ina huduma ya Ratiba, mtoaji anapanga mara moja na pesa inakwenda yenyewe. Angalizo moja: pesa inayokwenda yenyewe husahauliwa na pande zote mbili, basi shukrani zenu zisiende zenyewe.

## Mambo yakienda kombo

16. Mradi umekwama. Tumwambie sasa au tungoje utengemae?

Mwambieni leo. Somo hili tumelilipia.

Mashua yetu ilinunuliwa na bwana mmoja kwa jina la marehemu mamake, na jina hilo limechongwa kwenye ubao wa mbele. Wakati wa kusi gia ya injini ilikufa. Fundi alisema wiki tatu, kipuri kinatoka Mombasa. Kamati ikaamua: tusimtie wasiwasi, ikitengenezeka tutamwandikia yote kwa pamoja. Wiki tatu zikawa kumi na moja. Kilichokuja kwanza hakikuingia, cha pili kilikaa bandarini, na pesa ya kukitoa ikangoja mtia saini aliyekuwa safarini.

Katikati ya hayo yule bwana alikuja Lamu kwenye harusi, hakutuambia. Asubuhi alitembea ufukweni, maji yamekupwa. Akaiona mashua imelalia ubavu topeni, injini haimo, kamba ya nanga imeota mwani, na jina la mamake limetazama juu. Alikuja ofisini, akaomba maji ya kunywa, akanywa. Akasema, “Mngeniambia.” Hakupandisha sauti, na hakuongeza neno.

Tulimwandikia jioni ileile: gia ilikufa lini, tumelipa nini kwa nani, kipi kilikosewa na nani aliamua kunyamaza, pamoja na picha ya ile gia yenyewe mkononi mwa fundi. Mwaka uliofuata alituma pesa, lakini alizituma kwa fundi moja kwa moja. Mpaka leo vipuri hununua mwenyewe na sisi hututumia salamu. Mashua inakwenda, alhamdulillahi.

Ujumbe wa habari mbaya hauhitaji ufundi: nini kimetokea, lini, kimegharimu kiasi gani, tunafanya nini, na siku gani mtasikia tena kutoka kwetu. Siku hiyo ikifika muandike, hata kama cha kusema ni kwamba kipuri bado.

17. Amenyamaza mwaka mzima. Tumfuate au tumwache?

Mfuateni mara moja, na msiende na ombi. Uliza hali yake. Tumekuta ugonjwa, biashara iliyoanguka, na mmoja aliyekuwa ameudhika kwa sababu jina lake lilikosewa kwenye bango. Hakuwa amemwambia mtu. Akisema hana uwezo kwa sasa, mwambieni habari za watoto zitaendelea kumfikia kama zamani, na kweli ziendelee. Akisema hataki tena, shukuruni na mfunge ukurasa.

18. Anataka kutuamulia: mtoto gani asomeshwe, fundi gani apewe kazi.

Kusudi ni haki yake kulichagua: karo, mashua, vitabu. Watu wachaguliwe na kamati kwa vigezo vilivyoandikwa, naye avione kabla hajatoa. Karatasi moja iliyosainiwa mwanzoni huokoa urafiki mwingi, kwa kuwa siku atakapoleta jina la mpwa wake mtamwonyesha karatasi, hamtamwonyesha uso.

Najua mkono mtupu haulambwi, na kukataa pesa mbele ya kamati yenye njaa ni kazi. Tumekataa mara moja. Kiasi hakikuwa kidogo na waliokasirika ndani ya kikundi walikuwa wengi kuliko waliofurahi.

19. Anataka picha za watoto, na anataka kuwatembelea nyumbani kwao.

Picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi, kwa maandishi, na mzazi aelewe itakwenda wapi. Msipige picha za mtoto akipokea kitu kwa mikono miwili. Mtoto huyo kesho ni mtu mzima wa mjini hapa. Tunachotuma sisi ni ukurasa wa daftari lake la hesabu, jina limefunikwa, wakati mwingine na kosa lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Unapendwa kuliko picha ya uso.

Kutembelea kuwe shuleni, kwa kupanga na mwalimu mkuu. Nyumba za mji wetu zina sitara zake, na mgeni mwenye kamera hapiti daka hivi hivi kwa sababu alilipa karo. Wengi wakielezwa mapema huelewa vizuri sana.

20. Mwanasiasa anataka kutoa, uchaguzi ukikaribia.

Akubali masharti ya swali la 18, stakabadhi ya kawaida, na hakuna bango wala fulana. Wengi wakisikia hivyo hawarudi, na tatizo limekwisha.

21. Mfadhili wetu amefariki.

Siku hiyohiyo ondoeni jina lake kwenye orodha ya ujumbe. Nendeni mazikoni kama ni karibu, kaeni kwenye hitima kama watu wengine, na neno la mradi lisitoke mdomoni. Mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, haendewi kwa habari za michango.

Baadaye andikieni familia barua moja ya kuwaeleza marehemu alifanya nini: watoto wangapi, miaka mingapi, wako wapi sasa. Mara nyingi wenyewe hawakuwa wanajua. Wako watoto waliotuambia wataendeleza iwe sadaka jaria ya mzazi wao, yaani sadaka ambayo thawabu yake haikatiki, na wako waliosema asante tu. Hao wa pili nao wana haki yao.

22. Aliyekuwa akiwashughulikia wafadhili ameondoka. Tufanye nini?

Kama bado yupo, amtambulishe mrithi wake mwenyewe, kwa wale kumi wa kwanza kwa mguu au kwa simu. Kama ameshaondoka, mpya ajitambulishe kabla ya mwezi kwisha, akiwa amesoma daftari (swali la 9) ili asimwulize mtu aliyetoa kwa miaka sita “na wewe ulitujuaje?”

Na laini ya simu isajiliwe kwa jina la kikundi. Yetu ilikaa miezi mitatu mfukoni mwa katibu aliyehamia Mombasa, na salamu zote za Idi mwaka huo alizipokea yeye.